Saini Kabla ya Mwanafunzi

Kazi ya kushauri wanafunzi sikuipenda, na anayesema mtu anafundishwa akishaingia kazini nitambishia usoni. Mimi nilipewa kiti, mhuri na orodha ya majina, basi. Chuo chenyewe kiko hapa Musoma, na nilikuwa bado kwenye kipindi cha majaribio.

Semesta ya kwanza nikajitia kimbelembele. Kila mwanafunzi nilimkalisha, nikakagua kozi zake moja moja kabla ya kusaini fomu yake ya usajili. Foleni ikafika uani. Wanafunzi wakaninunia, na mwenzangu wa meza ya pili, mshauri wa miaka mingi, akanicheka mpaka chai ikampalia. Akanielekeza wanavyofanyaga wao: unasaini rundo zima la fomu tupu, unamwachia katibu muhtasi, kila mtu anachukua yake na kujaza mwenyewe. Kile kicheko nilikichukia. Lakini semesta iliyofuata nilisaini rundo zima, nikarudi nyumbani Kitaji mapema, na usingizi haukunisumbua hata kidogo.

Ikaja siku ya binti mmoja wa mwaka wa mwisho, kwao Guta. Kozi moja ya lazima alihudhuria semesta nzima, ila kwenye fomu alisahau kuijaza. Siku ya mtihani jina lake halikuwepo, wakamtoa nje. Bila kozi hiyo hahitimu. Ni kusubiri mwaka mzima, na nyumbani walishaalika watu.

Mkuu wa idara akatuita, mimi na binti. Alisema kama uzembe ni wa mshauri, atamwombea mtihani maalumu. Kama ni wa mwanafunzi, hana la kufanya. Mwenzangu alishaninong'oneza mlangoni kwamba anayekiri kosa akiwa kwenye majaribio anajichimbia kaburi. Nilimwona mshenzi, na nikamtii.

"Nilikaa naye, tukapitia kozi zote," nikamwambia mkuu. "Hakunisikiliza."

Binti hakulia. Laiti angelia, ningejua pa kutazama. Alinigeukia, akasema taratibu, kwa adabu zote, "Madam, mimi na wewe ndiyo tunaongea leo kwa mara ya kwanza."

Mkuu aliitazama saini yangu kwenye fomu, akaandika nilichosema mimi.