Kengele ya Kitanda cha Nne

Kazini walimwita Chekecheke, na jina lilimkaa. Programu alizoandika mwenyewe zilikuwa chache. Kazi yake ilikuwa kusoma za wenzake. Fundi akibadilisha kitu, mabadiliko hayo yalipita kwanza mikononi mwake, na chenga zote zikabaki juu. Walimtania kwamba hata menyu ya mgahawani huirudisha na masahihisho. Aliishi na mdogo wake wa kike, muuguzi, katika nyumba waliyoachiwa na mama yao. Walipokutana jikoni, mdogo mtu hakukosa neno: "Dada, mimi nasimama na wagonjwa mpaka miguu inavimba, wewe unakwenda kukaa kitini usome. Kweli mafungu hayalingani."

Naye alikuwa akicheka tu. Moyoni aliona mdogo wake hakukosea sana.

Kampuni yao ilikuwa juu ya duka la magodoro, na iliuza kompyuta kubwa za kuendesha mitandao ya maghala, vyuo na hospitali. Asubuhi moja alifungua mabadiliko ya Spidi, mwenzake wa meza ya pili, fundi ambaye vidole vyake vilikimbia karibu sawa na mdomo wake. Spidi alikuwa ameandika upya kiendeshi, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuelewana na kadi ya mtandao. Zamani data zote zilizoingia zilipanga foleni moja na kuhudumiwa na kiini kimoja cha prosesa, ubongo wa kompyuta, huku viini vingine vimekaa bure. Sasa kulikuwa na foleni nane, kila moja na kiini chake.

Wazo lilikuwa zuri, na Chekecheke alilifurahia. Alisoma huku chai ikipoa, akisahihisha jina hapa, akiuliza swali pale. Alipofika mahali data inapopokelewa, akasimama. Akarudi juu. Akasoma tena kwa kidole, kama mtoto anayejifunza kusoma.

Kila foleni ilihitaji nafasi za kumbukumbu za kuwekea data inayoingia. Spidi alikuwa ametenga foleni, lakini nafasi tupu zote aliziacha katika kapu moja, na kapu lenyewe halikuwa na kufuli. Foleni mbili zikichota kwa pamoja, zingeweza kuokota nafasi ileile. Data ya mmoja ingeandikwa juu ya data ya mwingine, tena baada ya data kukaguliwa kama ni nzima, na kompyuta isingeshtuka hata kidogo. Na zikishaokota pamoja mara moja, zingerudisha nafasi hiyo kapuni mara mbili, na kosa lingeendelea kujirudia.

"Spidi, hebu njoo," aliita. "Hapa umewalaza wageni wawili kitanda kimoja."

Spidi akainama nyuma ya kiti chake, akatazama. "Aa, hiyo itatokea mara moja kwa milioni."

"Milioni zinapita kabla hujamaliza kupiga chafya."

"Basi nitaweka kufuli. Usinune, bibie."

Simu ya Chekecheke ikaita. Alikuwa mdogo wake, anahema na kucheka kwa pamoja.

"Dada, sijui nicheke au nilie. Kompyuta ya meza yetu ya wauguzi imepiga kengele sasa hivi kwamba kitanda cha nne moyo umesimama. Tumekimbia na daktari, roho mkononi, kumbe mzee wa watu amekaa anakunywa uji! Anatuuliza, 'Vipi, kuna moto?' Hizi kompyuta zenu, tangu mje kuzigusa juzi zina wazimu."

"Juzi? Nani alikuja kuzigusa?"

"Si huyo rafiki yako anayeongea kama cherehani. Alisema ameweka kitu kipya, zitakwenda mbio."

Chekecheke akageuka. Spidi alikuwa amesikia. Uso wake ulikuwa umepauka kama aliyemwagiwa majivu.

"Umeshaiweka?" alimuuliza. "Kabla sijasoma?"

"Walilalamika kwamba skrini zinachelewa," Spidi alisema kwa sauti ndogo. "Nilijua utaipitisha tu. Hujawahi kunikatalia jambo kubwa."

Hakuwa na muda wa kumjibu. Kitu kingine kilikuwa kimemfikia. Kompyuta haioti ndoto. Kama kengele haikuwa ya mzee wa uji, basi ilikuwa ya mgonjwa mwingine, data yake imeandikwa mahali pa data ya mzee.

"Mdogo wangu, nisikilize," alisema. "Kengele ni ya kweli. Kuna mtu humo moyo wake umesimama. Usiangalie skrini! Kapitie vitanda vyote, waguse wagonjwa mmoja mmoja!"

"Dada, unasema nini? Wengine wote skrini zao—"

"Kimbia!"

Akasikia simu ikitupwa mezani, kisha viatu vya mpira vikipiga sakafu. Wodi hiyo ilizima sauti za mashine kando ya vitanda ili wagonjwa wapumzike. Kila kitu kilitegemea meza ya wauguzi. Akasikia kiti kikianguka. Halafu sauti ya mdogo wake, kali, sauti asiyoijua: "Kitanda cha tisa! Daktari! Kitanda cha tisa!"

Spidi alikuwa amechuchumaa sakafuni, ameshika kichwa. Chini, muuza magodoro alikuwa anabishana na mteja kuhusu ulaini, na kila neno lilipanda dirishani. Chekecheke aliikandamiza simu sikioni mpaka ikamuuma. Alijikuta anahesabu pumzi zake mwenyewe, kama kwamba zingemfaa mtu.

Ilichukua muda mrefu.

"Amerudi," mdogo wake alisema hatimaye, huku analia. "Ni mama mmoja, mwalimu. Amerudi, dada. Skrini yake ilikuwa inaonyesha moyo unadunda vizuri kabisa."

Ulikuwa moyo wa mzee wa uji. Chekecheke alielewa hilo.

Kabla ya adhuhuri kompyuta za wodi zilirudishwa kwenye foleni moja. Spidi mwenyewe alikwenda kwa bosi akaeleza bila kujitetea, akasimamishwa kazi kwa muda. Aliporudi, aliandika upya kila kitu, kila foleni na kapu lake. Chekecheke aliyarudisha mabadiliko hayo mara nyingi kuliko alivyowahi kumrudishia mtu yeyote, na safari hii Spidi hakutania.

Nyumbani mdogo wake aliacha ile mizaha ya mafungu. Jioni moja, akimenya viazi, alimuuliza tu, "Ingekuwaje kama ungechelewa kuamka siku ile?"

"Sijui," Chekecheke alijibu, na kisu cha mdogo wake kikasimama katikati ya kiazi.

Mabadiliko yalipopita na kuwekwa wodini, Chekecheke aliomba ruhusa akaenda. Alisimama kwenye korido, nyuma ya kioo, akitazama mistari ya kijani ikipanda na kushuka, kisha akitazama vifua chini ya mashuka, kisha tena mistari. Mlinzi akamsogelea.

"Mama, umekuja kumwona nani?"

Hakujua jina la hata mmoja, akarudi kuitazama mistari.