Kisanduku Alichokiacha Wazi Telesphor

Tuelewane mapema ili tusije tukagombana mbele: Telesphor Massawe si mjinga. Ameendesha mabasi Adelaide miaka kumi na minne, sasa anaendesha London, na hajawahi kugonga kitu zaidi ya pipa la taka. Fomu anazijua vizuri. Amejaza za viza, za uraia, za nyumba, za shule ya binti yake. Lakini kuna fomu moja ilimshinda, tena yenye kisanduku kimoja tu cha kutia tiki, na kwa ajili ya kisanduku hicho aliumbuka mbele ya mtoto wake mchana kweupe.

Alizaliwa Rombo, mkoani Kilimanjaro. Akaenda Australia akiwa mtu mzima, akaapa huko kuwa raia, na kwa kuwa Tanzania haimruhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili, siku aliyoapa ndiyo siku aliyoacha kuwa Mtanzania. Mkewe, Placida, ni muuguzi. Alipopata kazi hospitalini huku kaskazini mwa London, familia ikahamia Wembley. Telesphor hakushangilia wala hakupinga. Alisema, "Haya, Mama Jackie, tutaona," akaanza kufunga masanduku.

Sasa, Australia wana jambo moja ambalo Telesphor alilipenda kuliko yote. Kura kule si hiari. Usipoenda kupiga wanakuandikia barua kukuuliza ulikuwa wapi. Wenzake wengi waliotoka Afrika waliliona hilo kama usumbufu, yeye akaliona heshima. Nchi inayokutafuta usipoonekana, alikuwa akisema, ni nchi inayojua kwamba upo. Mara yake ya kwanza alipelekwa na jirani yake, mzee mmoja fundi bomba aitwaye Eddie, hadi kwenye shule ya msingi ya mtaani. Eddie alimfundisha kwamba huweki alama kwa mgombea mmoja tu, unawapanga wote kwa namba, moja, mbili, tatu, mpaka yule usiyempenda kabisa. Kisha akamnunulia soseji iliyochomwa hapo hapo uwanjani, imekunjwa kwenye kipande cha mkate na vitunguu, kwa sababu ndiyo desturi yao: unapiga kura, unakula soseji, unasimama kusengenya wanasiasa. "Sasa umekuwa mwenzetu," Eddie alimwambia, na Telesphor hakuyasahau maneno hayo.

Kwa hiyo binti yake Jackie alipofikisha miaka kumi na minane, na uchaguzi wa Australia ukatangazwa, baba mtu akapania. Mtoto kazaliwa Adelaide, kura yake ya kwanza lazima aende na baba yake. Yeye mwenyewe ndiye aliyemwekea fomu ya kujiandikisha mezani miezi kadhaa nyuma, na Jackie akaijaza huku anatafuna chipsi, macho kwenye simu. Placida alijaribu kumtuliza mumewe.

"Baba Jackie, kwani hata hapa si unapiga kura? Watu wa Jumuiya ya Madola wanaruhusiwa."

"Hapa napiga kura ya nani azoe mapipa ya taka," akajibu. "Kule napiga kura ya kwetu."

Jumamosi hiyo alivaa koti lake la harusi. Wakapanda treni ya chini ya ardhi ya Bakerloo mpaka katikati ya mji, wakatembea hadi ubalozi wa Australia, wakakuta foleni imezunguka kona. Vijana wenye kaptura kwenye baridi ile, wazee, kina mama na watoto mabegani. Pembeni watu wa kujitolea walikuwa wanachoma soseji, na harufu ya vitunguu ikamfikia Telesphor, akacheka peke yake. Kijana mmoja mbele yao akageuka akamwambia kwa upole kwamba foleni hii ni ya Waaustralia, labda anatafuta ubalozi mwingine?

"Naitafuta hii hii," Telesphor akasema, akamwonyesha pasipoti. Kijana akaomba radhi. Jackie akajifanya anasoma simu.

Ndani walifika kwenye meza ya mama mmoja mwenye miwani na kompyuta. Jackie akataja jina, mama akabonyeza, akalipata papo hapo, akampa karatasi zake. Telesphor akataja lake. Mama akabonyeza. Akamwomba alitaje kwa herufi. Akabonyeza tena. Akavua miwani.

"Bwana Massawe, jina lako halimo kwenye daftari."

"Limo. Nimepiga kura mara nne."

"Ulipoondoka Australia, ulijaza fomu ya mpiga kura aliyeko nje?"

"Niliijaza."

"Palipouliza kama una nia ya kurudi kuishi Australia ndani ya miaka sita, ulitia tiki?"

Hapo ndipo Telesphor alipoanza kutokwa jasho. Hakutia tiki. Aliandika pembeni, kwa mwandiko wake mzuri wa mtoto wa shule ya misheni: Mungu akipenda. Watu wa uchaguzi wakamwandikia barua kwamba hawakulielewa jibu lake, tafadhali athibitishe. Akawajibu kwa urefu zaidi, kwamba hakuna binadamu aijuaye kesho, lakini Mungu akimjalia uzima, basi. Akaamini amewaeleza kama watu wazima wanavyoelezana. Barua nyingine ilipokuja aliitia kwenye droo bila kuifungua.

Na msimcheke. Mtu huyu ana sababu. Kwao Rombo, Desemba ikifika kila Mchagga hupanda nyumbani mlimani, hata aliyekwenda mbali vipi. Telesphor alipoondoka kwenda Australia alimwambia mama yake waziwazi, "Krismasi nitakuwa hapa." Mama akatenga beberu wa kuchinjwa. Krismasi ikapita, mwana hakuja, kazi mpya haikutoa likizo. Mwaka wa pili akaahidi tena, mama akatenga mwingine. Mwaka wa nne alikwenda kweli, lakini mwezi wa tatu, kumzika, na kwenye uwanja wa ndege wa Kilimanjaro akapanga foleni ya wageni kuomba viza ya kuingia nchi aliyozaliwa. Tangu siku hiyo hajamwahidi mtu yeyote kurudi popote. Ahadi ni deni, husema, na lile la kwanza hajalilipa. Hata zamu ya Jumatatu akiulizwa kama atakuja, hujibu Mungu akipenda, na msimamizi wake kwenye karakana ya mabasi, Kuldip, ameshazoea.

Lakini mama wa miwani hakuwa Kuldip.

"Nipe fomu nyingine," Telesphor akasema. "Natia tiki sasa hivi."

"Imeshapita miaka mitatu tangu uondoke. Muda wa kuomba umekwisha." Akasita, akaona lile koti. "Pole sana. Ukirudi kuishi kule utaandikishwa upya."

"Yaani nirudi kwanza, ndipo mniamini kwamba nilitaka kurudi?"

Mama akatupia macho foleni ndefu iliyokuwa nyuma yake. Telesphor akataka kugombana. Alitafuta wa kugombana naye akamkosa: mama yule alikuwa mpole, sheria iliandikwa wazi, na mkono ulioacha kisanduku wazi ulikuwa wake mwenyewe. Hakuna hasira mbaya kama ile inayokosa wa kumwangukia. Akatoka nje, akamwacha binti yake anaingia kwenye kibanda cha kura peke yake.

Jackie alimkuta ameegemea ukuta, mbali na moshi wa soseji.

"Ulijibu nini pale kwenye kurudi?" Telesphor akamuuliza binti yake kabla hajasalimiwa.

"Pale wapi?"

"Kwenye fomu. Ndani ya miaka sita."

"Nilitia tiki," Jackie akasema kwa Kiingereza, kama kawaida yake.

"Kwa hiyo una nia ya kurudi?"

"Hapana. Chuo kipo hapa, marafiki wapo hapa. Walitaka tiki, nikawapa tiki."

Damu ikamchemka Telesphor. Akamwambia hivyo ndivyo nchi zinavyoharibika, watu wanatia saini wasiyoyaamini. Akamwambia yeye na umri wake wote hajawahi kudanganya kwenye karatasi ya serikali. Akamwambia mtu mwenye adabu angeandika Mungu akipenda akamwachia Mungu. Sauti ilipanda, wawili watatu kwenye foleni wakageuka.

Jackie alisubiri baba yake amalize pumzi.

"Ningeandika hivyo, Baba, leo tungerudi Wembley wote wawili bila kupiga kura."

Ilimwingia. Akabaki anahangaika na kifungo cha koti. Mabasi mekundu yalikuwa yanapita mbele yao, na yeye, ambaye siku zote huangalia dereva ni nani, hakuangalia.

"Mimi nataka kurudi, Jackie," akasema mwishowe, taratibu. "Tangu siku tuliyoshuka Heathrow. Kila asubuhi nikiwasha basi nataka kurudi."

Jackie akamtazama usoni. Safari hii alimjibu kwa Kiswahili, kigumu, neno moja moja, ili lisipotee hata moja.

"Baba, sisi hujatuambia. Mama aliuliza kama tuhame, ulisema tutaona. Mimi nilifikiri unapenda hapa."