Seva ilipona Fokasi aliposimamishwa

Admin, nifiche jina. Wakubwa wote shikamooni, na nyie wa Mbinga mtakaonitambua, naomba mnyamaze tu. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na sita, kwetu ni Ngumbo kule Ziwa Nyasa, ila nimeoa huku juu kwenye baridi nikahamia. Ni fundi kompyuta. Chuo sijakanyaga, nilijifunza kwa kufungua mashine za watu na kuomba Mungu zifungike. Nyingi zilifungika.

Tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe kwenye kahawa, kila mmoja anakuja na masharti yake. Chama kimoja cha wakulima kilipata mnunuzi anayetaka kujua kila gunia limetoka shamba la nani, liwe la Kitura au la Mbuji, na kahawa ilianikwa siku ngapi. Ndipo wakaweka seva ya kutunza hizo taarifa, nikaitwa niifunge. Ilipowaka, Mwenyekiti alinisimamisha mbele ya mkutano akasema, "Huyu Mnyasa tulidhani anajua kuvua usipa tu, kumbe ni mtaalamu!" Watu wakacheka. Mimi nikalipenda lile neno mtaalamu, na ndilo lililonifikisha hapa.

Mwezi wa sita, mavuno yamechanganya, seva ikaanza kujizima. Mara mbili kwa siku, mara tatu. Naitwa, naiacha kazi kibandani kwangu, nafika mbio, nabonyeza, inawaka kama haijawahi kukosea. Naondoka, inazima. Nilibadilisha stabilaiza. Nilibadilisha waya, nikabadilisha memori, nikafuta kila kitu na kuanza upya. Nikaipapasa, ina uvuguvugu kidogo, nikasema mashine zote ndivyo zilivyo. Ikijizima katikati ya kazi, yaliyoingizwa yanaharibika, watu wanaitwa upya kuandikisha. Mzee mmoja wa Mbuji alikuja kwa miguu mara ya tatu, akaniuliza, "Mwanangu, jina langu litakufa mara ngapi na mimi mwenyewe ni mzima?"

Sasa mnielewe jambo moja. Ofisi ile, pamoja na chumba cha nyuma ilimokaa seva peke yake, inasafishwa na mama mkwe wangu. Kwa familia ya mke wangu, mkwe hakai chumba kimoja na mama mkwe, wala hawatazamani usoni. Kwa hiyo kila nikifika nakohoa mlangoni mara mbili, nangoja, yeye anajitanda kitenge chake na kutokea mlango wa nyuma, ndipo naingia. Kila siku hivyo. Adabu tupu.

Anayeingiza majina, kwenye kompyuta ya chumba cha mbele, ni karani, nitamwita Fokasi. Ni mwalimu wa kwaya, mtu wa taratibu. Siku moja Mwenyekiti alinikazia macho: "Mtaalamu, mnunuzi anataka orodha. Tatizo ni nini?" Sikujua. Kusema sijui nikashindwa. Nikaona flashi ya Fokasi imechomekwa kwenye kompyuta yake, nikasema, "Virusi. Vimetoka hapa." Akaniambia niandike ripoti, nikaandika, nikasaini. Fokasi akasimamishwa siku hiyo hiyo. Akiwa anakusanya vitu vyake aliniuliza kwa upole, "Kaka, hizi ni nyimbo za Bikira Maria. Na zenyewe zina virusi?" Nikajifanya nakagua waya.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda bila kuitwa, kuisafisha mashine hivyo virusi nilivyovitunga. Mlango wa mbele ulikuwa umezibwa na magunia, nikazunguka nyuma, na kukohoa nikasahau. Ndugu zangu, nikaikuta seva imefunikwa kitenge mpaka chini, na fundo limepigwa, kama mtoto anayepelekwa kliniki. Mama mkwe kasimama pembeni na ufagio. Wote tukageukia ukuta. Akaongea na ufagio: "Wewe ufagio, mwambie mkwe mashine hii inapigwa na baridi na vumbi la kahawa. Mimi naisitiri tu." Yaani kitenge anachojitanda nikikohoa ndicho alichokuwa akiifunika. Nikikohoa anakivuta, mashine inapata hewa, mtaalamu anaingia, mtaalamu haoni kitu. Nikiondoka tu, anaifunika tena, inaiva.

Nikamwambia ufagio ule ule kwamba mashine haitaki nguo. Haijafunikwa tena, na tangu siku hiyo haijazima hata mara moja. Mngedhani nimefurahi. Mwenyekiti anapita anaigonga mgongoni: "Unaona? Fokasi katoka, mashine imepona!" Kila siku inayopita mashine ikiwa nzima, Fokasi anazidi kuwa na hatia.

Nilimweleza mke wangu. Akasema, "Umtaje mama yangu aitwe kwenye kikao, aulizwe kwa nini aliivisha mashine nguo? Watamcheka mpaka Mbamba Bay. Na kazi watamnyang'anya." Msinishauri niseme ni joto tu. Mwenyekiti ataniuliza joto limetoka wapi, Mbinga, mwezi wa sita.

Jana nilibaki peke yangu na ile seva. Kwenye begi nilikuwa na kitenge cha mke wangu, na nilikibeba nikijua kwa nini. Ikizima Fokasi akiwa kwake, si atakuwa ameshajitetea? Nikakikunjua. Nikawaza lile jina la mzee wa Mbuji, kwamba litakufa tena. Nilipoinua macho, Fokasi alikuwa anapita nje na baiskeli, akaniona dirishani nimeshika kitenge, akanipungia mkono.

Kikao cha kumfukuza ni Jumatatu, na mimi ndiye nitakayesoma ripoti. Nimtaje mama mkwe, niifunike mashine, au nisimame niseme mtaalamu hakuwahi kuwepo? Nishikeni mkono jamani, maana Mwenyekiti ameshaniambia nivae tai.