Baba wa Kijana wa Taa

Kazi yangu ni kutafsiri. Mgeni akija Bukavu na Kiingereza chake, mimi hukaa kando yake mkutanoni na kuyageuza maneno yake yawe Kifaransa au Kiswahili, na nikitoka pale huwa nimevimba kichwa. Nasema hivyo mapema ili ieleweke kwa nini siku hizi nazunguka njia ya mbali nisipite mlangoni kwa dada yangu.

Dada yangu mkubwa, yaya kama ninavyomwita, anakaa Cimpunda, katika nyumba ileile tuliyokulia. Mume wake alikwenda kutafuta dhahabu Luhwindja mvua zilipoanza, na simu yake haipatikani. Watoto wanamngoja, msichana aliyeanza shule juzijuzi na mdogo wake wa kiume. Pikipiki yoyote ikisimama njiani, wote wawili wanainua kichwa. Yaya ndiye aliyeniomba nilete kompyuta na ule mchezo wetu wa zamani. "Batoto basahau kidogo," aliniambia.

Mchezo wenyewe ulikuwa na sehemu tatu, na katika ujana wetu tuliupenda kuliko mpira. Tuliuita Kijana wa Taa, kwa kuwa jina lake la Kiingereza lilitushinda kutamka. Kijana anaingia mapangoni na taa yake kumtafuta baba yake. Anavuka mito ya chini ya ardhi, anafungua milango ya mawe, anakutana na vizee wanaosema kwa mafumbo. Tuliucheza kwa jirani aliyekuwa na televisheni. Hakuwa na ile kadi ndogo ya kuhifadhi mahali mlipofika, na courant ya Bukavu, umeme wetu, mnaijua: ikikatika, mnarudi mwanzo. Basi mwisho wa safari ile hatukuwahi kuuona hata siku moja, lakini mwanzo wake tuliujua kama Salamu Maria.

Maneno yalipita chini ya picha kwa Kiingereza. Kila nyumba yenye mchezo ilikuwa na msomaji wake, na kwetu alikuwa yaya, maana alikuwa ametutangulia madarasa. Kijana anapiga magoti mbele ya pango, kizee anampa taa, maneno yanapita, na yaya anasoma kwa sauti ya padri:

"Baba yako iko muzima. Anakusalimia. Anasema usiache kula."

Hilo la kula sikulielewa vizuri, lakini nililipenda. Wakati ule baba yetu naye alikuwa Luhwindja na hatukuwa na habari zake. Aliporudi, amekonda, mikono mitupu, nilimkimbilia yaya kwanza kabla ya kumkimbilia yeye. "Si ulisema?" nikamwambia.

Sasa Jumapili moja, baada ya misa, tumeshiba bugali na sambaza, vile visamaki vya ziwani, niliweka kompyuta mezani. Watoto walikaa mkekani. Yaya alikuwa mlangoni akichambua maharage. Picha zilipofunguka, niliona aibu kidogo kwa jinsi zilivyo mbovu, pango kama boksi la sabuni, lakini moyo ulinidunda vilevile. Kizee akatokea na taa. Yaya, bila hata kutazama, akaanza:

"Baba yako iko muzima. Anakusalimia..."

Mimi nilitazama maneno, nikacheka. Ndiyo, nilicheka. "Yaya, weye! Siyo hivyo hata kidogo." Nikakohoa, nikatoa ile sauti yangu ya mkutanoni: "Baba yako alikufa humu ndani. Chukua taa yake, uutafute mwili wake, umzike." Na kwa kuwa mjinga haachi alipoanza, nikaongeza kwamba nimeumaliza mchezo wote peke yangu, sehemu zote tatu, na mwishoni kijana hapati kitu ila mifupa.

Hakuna aliyecheka pamoja nami. Mtoto mdogo akamgeukia dada yake.

"Alikufa?"

Msichana akavuta ukingo wa mkeka.

"Na papa yetu?"

"Nyamaza," msichana akamwambia.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Yaya aliinuka na ungo wake akaenda jikoni, nami nikamfuata nikitafuta la kusema. Nilisema tu kwamba sikukusudia, kwamba nilidhani ni Kiingereza kilichomshinda.

"Anglais sikujuaka," akasema, akipuliza makaa. "Lakini neno moja nilijua, lile la kufa. Lilikuwa pale kila siku. Ulikuwa unakataa chakula, petit, mudogo yangu. Ungependa nikusomee lile?"

Mkutanoni mgeni akitoa neno kali, mimi hulilainisha kabla halijafika kwa wazee, na watu wananisifu kwamba nina busara. Wageni nimewapa busara hiyo miaka yote. Watoto wa dada yangu niliwapa neno bichi, ili tu nionekane najua. Mdomo uliponza kichwa, husema watu, lakini kichwa changu kilibaki salama. Kilichoponzwa kilikuwa cha wengine.

Jumapili iliyofuata nilirudi kutengeneza nilichoharibu. Nikaweka mchezo, kizee akatokea, nami nikasoma polepole, bila kukosa neno, kama yaya: baba yako iko muzima, anakusalimia, anasema usiache kula. Nikawaambia kwamba ile siku nilikosea, macho yangu yalichoka. Mdogo alifurahi mpaka akasimama, kisha akakimbilia jikoni kumwomba mama yake bugali iliyobaki.

Msichana alibaki. Alikuwa anaangalia kompyuta, si mimi.

"Tonton," akasema kwa sauti ya chini, "ile siku ndiyo ulisoma muzuri."

Nikafungua mdomo kukana. Akatikisa kichwa.

"Lakini usomake tu kama leo. Kwa ajili ya mutoto."

Meno yake ya mbele bado hayajaota. Nikamwambia sawa, nikafunga kompyuta, nikaondoka bila kumuaga yaya.