Pumzi Baada ya Degedege

Wenzake katika chumba cha dharura walimwita Bi Taratibu, na hakuchukia. Hata mama mkwe wake aliwahi kusema kwamba mkamwana huyu akibandika chai, wageni wataaga kabla haijachemka. Wauguzi wapya ndio waliomtania zaidi, maana hakufungua kichupa cha diazepamu, dawa ya kukata degedege, kabla hajaweka mfuko wa kupumulishia kando ya kichwa cha mgonjwa.

"Mama, mtu anatetemeka, wewe unapanga vyombo?"

"Napanga, mwanangu. Dawa hii ikituliza mwili, wakati mwingine hutuliza na pumzi."

Asubuhi moja fundi wa kuchomelea vyuma aliingia mbio amembeba binti yake, aproni ya ngozi bado i shingoni. Degedege lilimshika msichana nyumbani na halikukatika njia nzima. Bi Taratibu aliuliza kwanza kama ameshapewa dawa yoyote. Hakupewa. Akamwekea oksijeni, akaweka mfuko mahali pake, akapata mshipa. Akasukuma dawa kidogo, akatazama kifua, akasukuma tena.

"Dada, maliza basi," baba alimsihi.

"Namaliza, kaka. Niache nimalize vizuri."

Mikono ya msichana ikalegea, akaanza kukoroma. Miaka yote hiyo ya kazi, na bado nywele zilimsimama Bi Taratibu: dawa isiyojaa hata kijiko cha chai imetuliza kishindo kilichoishinda mikono ya fundi wa vyuma. Lilikuwa jambo la kutisha na la kupendeza, na hakuwahi kulizoea.

Akageuka kidogo tu kuvuta mashine ya kupimia oksijeni. Kufumba na kufumbua, baba alikuwa ameshakunja koti lake na kulisukuma chini ya kichwa cha mwanawe ili alale vizuri. Kidevu kikainamia kifua. Mkoromo ukakatika.

"Amelala," baba alinong'ona kwa furaha.

Hakuwa amelala. Kifua kilikuwa kimya. Bi Taratibu akalivuta koti, akainua kidevu, akabana barakoa usoni na kuminya mfuko. Kifua kikapanda, kikashuka. Akaminya tena.

Baba akalitazama koti sakafuni, akaelewa. "Nimemuua mwanangu," alisema.

"Moyo unapiga, kaka. Simama hapa karibu yake."

Aliendelea kuminya mpaka midomo ya msichana ikarudi rangi yake. Akaacha kidogo ili aone. Hakuna kitu. Akaminya tena, akaacha tena. Mara kifua kikapanda chenyewe, kikashuka, kikapanda. Machozi yakamlengalenga Bi Taratibu, kama ilivyokuwa kila mara, kwa sababu alijua kuifungulia pumzi njia lakini hakujua inatoka wapi.

Akainua macho amwambie baba. Uso wa fundi ulikuwa umevimba, mishipa ya shingo imemtoka, midomo kaifumba kabisa.

"Kaka," alimwambia kwa upole, "sasa na wewe pumua."