Nilipofunga Chakula Ili Nikimbie

Naikumbuka Kwaresima moja, mwanangu, kila nikuonapo unasukuma sahani kando kwa sababu mashindano yamekaribia. Miaka ya sitini, pale Bwera, magharibi mwa Uganda, nilikuwa mkimbiaji wa yadi mia, na mapaja yangu yalikuwa manene kama ya mama zetu wanaopanda mlima na mizigo ya mihogo. Sikuyapenda. Msichana aliyeshinda mashindano makubwa ya Kasese mwaka uliotangulia alikuwa mwembamba kama ufito, nami nikaamini wembamba ndio ulioshinda.

Kwaresima ilipoingia nikamwambia mama kwamba nafunga. Mama, mke wa katekista, alifurahi mpaka akawasimulia wenzake kanisani. Asubuhi chai ya rangi, jioni matonge mawili ya bundu, ugali wetu wa muhogo, basi. Kila Jumamosi nilipanda mizani ya kupimia magunia ya kahawa, na mshale uliposhuka nilimshukuru Mungu. Ndiyo, nilithubutu kumshukuru.

Ikafika siku ya mchujo. Mmoja wetu tu ndiye angekwenda Kasese. Kocha alikuwa afande wa polisi kutoka kaskazini, mtu wa saa mkononi na sauti ya kuamsha kambi nzima. Nilitoka vizuri. Katikati miguu ikawa kama si yangu, wasichana wanne wakanipita, nikaketi nyasini nikiona nyota mchana.

"Masika," afande akasema, "wewe iko nakula nini?"

"Nafunga, afande."

"Nafunga?" Akajipiga paja. "Injini ya mbio iko hapa, na wewe iko nachoma injini. Nakupa wiki tatu. Utakimbia tena na Biira, yule wa kwanza. Ukikuja hivi, baki na mama yako jikoni."

Nyumbani nilimweleza mama ukweli wote, nikingoja kofi. Mama alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mungu amekupa mapaja, wewe unamrudishia kama gauni lisilokutosha?" Kisha akafuta machozi ya kicheko. "Lakini hilo la kumtumia Yeye kama kifuniko, kaliungame."

Nikaungama. Malipizi niliyopewa na padri yalikuwa kula chakula cha mama bila kunung'unika, na sijapata kutimiza malipizi kwa furaha namna ile. Bundu, maharagwe, samaki wa ziwani, mchuzi wa karanga. Mshale wa mizani ukapanda, na kwenye saa ya afande sekunde zikapungua. Siku ya marudio nilimshinda Biira kwa kifua tu. Mama alikatiza uwanja akiimba, kitenge kikimdondoka, na Biira mwenyewe ndiye aliyekiokota, huku akicheka.

Kwa hiyo, mwanangu, usiulize tu una kilo ngapi. Uliza kilo hizo ni za nini, kwa maana msuli nao una uzito, na ndio unaokusukuma pale bunduki inapolia. Kula nyama, kunde na samaki, kula muhogo wako, ila kula mapema, usiingie uwanjani tumbo limejaa. Kocha akisema upunguze, mweleze unachokula, msifanye kwa kubahatisha. Na ukitaka kufunga, mfungie Mungu peke yake, baada ya mashindano, kwa moyo mweupe.

Yeye aliyekuumba aibariki miguu yako na sahani yako, akupe pumzi mpaka kwenye utepe, na ukishinda au ukishindwa, akurudishe nyumbani na njaa nzuri.