Siku Niliyobadilisha Kompyuta ya Mama

Mama yangu alikuwa muuguzi, na alipostaafu baba alimnunulia kompyuta ya mezani kwenye duka la Wahindi pale Miembeni, duka ambalo sasa limefungwa. Baba alitegemea mama ataitumia kuandikia taarifa za kikundi cha akina mama wa usharika. Mama aliandika taarifa mbili tatu, kisha akagundua ule mchezo wa karata wa kucheza peke yako, na taarifa zikaishia hapo. Baba alinung'unika mpaka anaingia kaburini.

Baadaye mama akaanza kusahau. Alianza na sufuria jikoni, yakafuata majina ya majirani, kisha akasahau hata kwamba baba amelala kwenye migomba nyuma ya nyumba. Mama mdogo, anayeishi naye Kaagya, alikuwa akinipigia simu Muleba ninakofundisha hesabu, kunieleza leo amefanya hiki, jana alifanya kile. Lakini kila alasiri mama aliketi mbele ya kompyuta, akabofya picha ya karata kwenye kona ya juu kushoto, na kwa muda wote wa mchezo alikuwa mama yule yule. Jumamosi nilipokwenda nilikaa pembeni yake. Bila kugeuza macho aliniambia ninyooshe mgongo, nimekaa kama mlevi. Nikichota kahawa ya kutafuna kwenye kikapu cha kabatini, aliniambia niiache, ni ya wageni. Karata zikiisha, nilikuwa marehemu mjomba, au sikuwa mtu yeyote. Kwa hiyo nilijua vizuri kabisa kwamba mama niliyebaki naye anakaa ndani ya ule mchezo.

Basi kompyuta nayo ikaanza kuchoka. Ikawa inazimika katikati ya mchezo, na mama analia kama amefiwa. Windows yake ilikuwa ya zamani mno, na matoleo mapya mashine ile isingeyaweza. Jamaa mmoja anayetengeneza simu Kashai akanishauri niweke Linux badala yake. Akasema ni ya bure, ni nyepesi, na kikongwe kile kitarudi ujanani. Akanipa kwenye flashi. Kipya kinyemi. Nilikwenda Kaagya nimejaa furaha ya kijinga.

Kuiweka hakukunisumbua. Balaa lilikuja nilipoiwasha upya: kioo cheusi, na katikati mshale wa kipanya peke yake. Nikazima, nikawasha, cheusi tena. Nikasoma kwenye simu ushauri wa vijana wa nchi za mbali, watu wanaokujibu kama vile umezaliwa mjinga makusudi, mpaka mmoja wao akataja neno la kuongeza wakati mashine inawaka ili isiguse kadi ya picha kwa namna yake mpya. Nikaliongeza. Kioo kikafunguka, ila kila kitu kilikuwa kikubwa kupita kiasi na nusu ya karata zimeangukia nje ya kioo. Nilihangaika na hilo hadi mama mdogo akaniletea chakula, nikala bila kujua nakula nini.

Vipimo vya kioo vilipokaa sawa nikamwita mama. Akaketi, akatazama. Ule mstari wenye saa, uliokuwa chini siku zote, ulikuwa umehamia juu. Nyuma kulikuwa na picha ya zambarau isiyo na kichwa wala miguu. Kilima hakikuwepo. Kwenye ile ya zamani kulikuwa na kilima cha majani chini ya anga la buluu, picha iliyokuwa kwenye kompyuta za watu dunia nzima, lakini mama alishikilia kwamba ni kilima cha kwao Muleba na kwamba alichunga mbuzi pale utotoni. Hakuna aliyembishia. Sasa mkono wake ulisogeza kipanya hadi kona ya juu kushoto, haukukuta kitu. Akainuka taratibu. Akasema kompyuta hii ni ya watu, irudishwe kwa wenyewe.

Juma lile zima hakuigusa. Mama mdogo alisema anashinda kitandani, uso ukutani. Nilimkasirikia yule jamaa wa Kashai, nikawakasirikia wanafunzi wangu, na hata mvua nikaikasirikia. Lakini ukweli ni kwamba niliogopa. Nilijiambia nikikirudisha kioo kilivyokuwa, na yeye atarudi, na nikajikuta naliamini jambo hilo kama mtoto.

Jumamosi iliyofuata nilifika na manyunyu ya asubuhi. Ule mstari nikaushusha chini, saa nikaiweka kulia. Nikakirudisha kilima, ambacho nilikuwa nimekitafuta mtandaoni juma zima. Nikapata mchezo wa karata wenye meza ya kijani, nikabadilisha migongo ya karata ikawa ya buluu kama zile za zamani, nikaweka picha ya mchezo ule kwenye kona. Nikadhani nimemaliza. Nikiwa bado naitazama, kioo kikajizima chenyewe, na nilipogusa kipanya kikadai neno la siri. Mama, aliyekuwa anapita, akaona giza lile, akasema umeme umekatika, akaenda kutafuta taa mchana kweupe. Nikaiondolea na tabia hiyo: isizimike, isijifunge, isimuulize mama siri yoyote.

Alasiri nikamwita. Akaketi, akakitazama kilima kwa muda mrefu. Halafu mkono ukaenda kwenye kona, ukakuta. Karata zikatandazwa. Mabega yake yakashuka, akavuta pumzi, akaanza kupanga nyekundu juu ya nyeusi kwa kasi yake ya zamani. Mama mdogo alisimama mlangoni akajifuta macho na ncha ya kitenge.

Mimi nikavuta kiti pembeni yake, nikaukunja mgongo makusudi. Nikangoja.

Alicheza mchezo wa kwanza. Akacheza wa pili. Niliinama mpaka kiuno kikauma. Yeye alipanga karata tu. Alipomaliza alinitupia jicho mara moja, la adabu, akainuka akaingia ndani. Nikasikia kabati likifunguliwa.

Alirudi na kile kikapu cha kahawa. Alipofika mbele yangu akashika ukingo wa meza, akaanza kupiga magoti, yale magoti yake mabovu, moja baada ya jingine, kama wanawake wa kwetu wanavyompigia mgeni wa heshima. Nilinyoosha mikono nimzuie, akaikwepa kwa upole. Akasema kwa Kihaya cha taratibu, kile cha kusemesha watu wasiojulikana:

"Fundi, waitu, pokea akamwani. Wakola muno. Mwanangu yuko Muleba, anafundisha. Angekuwepo, angekushukuru mwenyewe."

Nilitaka kulia kwa sauti, pale pale, mtu mzima na ndevu zangu. Lakini alikuwa magotini, na asingeinuka mpaka mgeni apokee. Nikanyoosha mgongo. Nikachukua zile kahawa kwa mikono miwili, nikamwambia wakola, asante, nikamshika kiwiko akainuka. Akarudi kwenye karata zake.